Kwato za Mwezi wa Tano

Udongo uwahi ungali maji:
hayo ni maneno ya mfinyanzi wa vyungu.
Mwenye mifugo wa huku juu,
kwenye mteremko uliolipa jua kisogo,
huambiwa kinyume chake.
Subiri.
Subiri hata kama nyasi zimechomoza,
hata kama kondoo wanalia zizini
na robota la mwisho limebaki vumbi na kamba.

Mwaka ule hatukusubiri.
Ilikuwa tarehe tisa. Mederbek alisema theluji imekwisha,
nami, niliyechoka kupasua barafu kwenye ndoo,
nikasema twende.
Kondoo mia mbili na kumi, farasi watatu,
hema la sufu juu ya lori la kukodi.

Theluji ilikuwa imekwisha kwa macho tu.
Chini ya shubiri moja ya udongo mweusi, wenye mizizi,
ulilala ule mwingine, wa rangi ya ini,
mzito, umeshiba,
na chini yake tena barafu ilikuwa haijafungua mlango.
Maji hayakuwa na pa kwenda.
Yakakaa.

Kila kwato iliingia kimya, ikatoka kwa mfyonzo.
Viatu vyangu vilikua njiani kama watoto wa kubebwa.
Farasi wa kijivu aliteleza,
akaacha chini mchirizi uliong'aa kama kisu kilichonolewa.
Lori lilizama hadi kwenye ekseli;
tulilichimbua siku mbili, tukitukanana kwa zamu.

Kisha likaja jua la Julai,
na udongo ukafumba kiganja juu ya yote uliyoyashika.
Zile kwato zikawa bakuli, maelfu, ngumu kama tofali,
zikawavunja kondoo vifundo.
Agosti ardhi ilipasuka; mkono wangu ulizama hadi kifundoni.
Kitana changu kiliponyoka humo.
Mvua za Septemba zikaja, nyufa zikafunga midomo,
na kitana hakikusemwa tena.

Mwaka uliofuata alipanda Chynara, mpimaji wa udongo,
na kekee ndefu ya chuma na chakula kidogo mno.
Alichimba shimo la kumfika kifuani,
akatwaa bonge, akalitemea mate bila haya,
akalisukuma kwa kidole gumba juu ya cha shahada.
Utepe ukatoka.
Sentimita tano, sita, saba,
ukaning'inia, ukakataa kukatika.

Alinionyesha ngozi nyembamba, inayometa, juu ya kila donge:
chembe zilizoshushwa na maji, moja moja,
kabla ya kundi la mtu yeyote.
Na weusi wa juu, alisema, ni kazi ya baridi;
hapa hata jani lililokufa huoza taratibu.

Nikamuuliza kama ni udongo mbaya.
Akacheka. Akaelekeza ng'ambo,
kwenye mteremko wa mchanga uliokwisha kuwa manjano,
halafu miguuni petu, penye nyasi bado mbichi
kati ya vichaka vifupi vya pakanga.
"Huu ni bahili," alisema. "Maji anayo.
Lakini mzizi sharti ubembeleze."

Na kwato zile?
"Baridi itazitibu. Hugandisha, huinua, huvunja."
Miaka mingapi?
Akapandisha mabega, akala mkate wangu.

Siku hizi hupanda peke yangu kwanza, kwa miguu.
Zipo bado, bakuli chache, kingo zimelegea,
moja ina maji na manyoya ya ndege.
Natwaa bonge. Nalisukuma.
Likikatika upesi, tunafunga mizigo.
Likitoka utepe, likakubali kukunjwa pete,
nageuka.

Mederbek haulizi.
Husimama kando ya lango, akitazama mikono yangu tangu mbali.
Leo vidole vimerudi na rangi ya ini.
Ameona.
Amefungua kamba aliyokwisha kuifunga,
amekwenda kwa jirani kukopa marobota manne.